Mnamwimbia Nani Huko Antiokia

Kefar Hanania, Galilaya
Mwezi wa Adari, mwaka wa kumi na tano tangu Hekalu lichomwe

Kwa mdogo wangu Shelamzioni,

Salamu. Sisi wazima. Mvua haitaki kuondoka, vyungu havikauki, na nusu ya vile nilivyovitia tanurini majuzi vimepasuka. Mke wangu anasema udongo umetupiwa jicho. Mimi nasema una maji.

Mama hajambo, ila magoti. Anataka kuja kwako. Tangu Sikukuu ya Vibanda alikuwa akilisema jambo hili kila siku. Sasa halisemi tena, ameanza kufungasha. Yakimu mwuza mafuta atapanda huko na ngamia wake baada ya Pasaka na amekubali kumchukua. Mimi sijakubali, na sababu yangu ndiyo hii.

Yakimu anasema safari iliyopita alilala kwako, akaenda nanyi kwenye mkutano wenu siku ya kwanza ya juma. Anasema mliimba. Hilo si kitu. Lakini anasema hamkuimba habari za Yesu, mlimwimbia yeye mwenyewe, kama anavyoimbiwa Mungu. Nikamwambia, "Wewe hujui Kiyunani." Akanijibu, "Hilkia, Kiyunani changu kinauza mafuta toka Tiro mpaka Antiokia, kitashindwa na wimbo?"

Unajua nyumba yetu inaamini nini. Yesu ndiye Masihi, Mungu alimfufua, naye atarudi. Kwa neno hilo nimetukanwa sokoni na sikurudi nyuma. Lakini asubuhi na jioni nasema kwamba Bwana ni mmoja, na mmoja ni mmoja. Siwezi kumpeleka Mama, kwa umri wake, akalale chini ya paa ambapo mtu anaimbiwa.

Niambie Yakimu alisikia vibaya, nami nitampandisha Mama kwenye ngamia kwa mikono yangu.

Kaka yako,
Hilkia


Antiokia
Mwezi wa Ksanthiko, ambao ninyi huko mnauita Nisani

Kwa Kaka Hilkia, shikamoo,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mafuta, basi najua ilisafiri sehemu gani ya mzigo. Nami nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Mlete Mama. Nimemwekea chumba cha nyuma, kisicho na ngazi. Mtaa wetu una kelele, lakini chemchemi iko karibu na kuna Wayahudi wengi wa kusengenya nao kwa lugha yake mwenyewe.

Kuhusu Yakimu: alisinzia wakati wa kusomwa Maandiko na akaamka wakati wa kuimba. Hakusikia vibaya. Amesikia sehemu tu.

Tunaimba, Kaka. Wimbo aliousikia hakuna aliyekaa chini akautunga. Kuna mama mmoja mjane, mfuma nguo, aliyeanza ubeti siku moja tukiwa tunagawa mkate, na wengine wakaufuata. Unasema: Wewe uliyelijua jina la asubuhi kabla haijaitwa. Nilipousikia kwanza sikushtuka. Nilishtuka nilipofika nyumbani, kwa kuwa sikuwa nimeshtuka.

Ukitaka mtu wa upande wako, unaye humu humu ndani. Mume wangu Filonide hufunga mdomo ubeti huo ukianza. Alizaliwa Myunani, akaacha miungu yao yote ili awe na mmoja, na anasema hakutoka mbali hivyo ili aje kuongezewa wa pili. Juzi alibishana na mzee wetu wa mkutano mpaka supu ikapoa. "Tunakimbia mbele ya miguu yetu wenyewe," ndivyo alivyomwambia. Mzee akamjibu, "Basi wewe tembea, tutakungoja." Wakacheka wote wawili, lakini Filonide alicheka kidogo.

Anakusalimu. Anakushonea viatu, atampa Yakimu akuletee.

Mdogo wako,
Shelamzioni


Kefar Hanania
Mwezi wa Sivani

Kwa Shelamzioni,

Yakimu ameondoka na kurudi, na Mama hakwenda. Hasemi nami. Anapika, anaweka sahani mbele yangu, anaondoka.

Viatu sikuviona. Yakimu anasema Filonide hakumpa kitu wala hakutokea. Wewe ulimpokea mlangoni na kumwambia mumeo hawezi kuonana na wageni. Sawa. Mtu ana shughuli zake.

Hukunijibu swali langu. Basi nimemwuliza yule ambaye hakuna hata mmoja kwenu Antiokia anayeweza kumbishia. Nilimketisha Mama mbele ya ndugu wawili wa hapa, nikamwambia, "Mama, wewe ulimwona. Sema." Naandika kama alivyosema:

"Nilikuwa msichana, sijavunja ungo. Baba yangu alikuwa na mashua Kapernaumu na alikuwa akimfuata. Akaja kwetu kula, si mara moja. Alipenda samaki wa kukaanga, wale wadogo, akila na mifupa. Kisigino chake kilikuwa kimepasuka na mama yangu akampa mafuta akipake. Akicheka alikuwa anafunika mdomo, alikuwa na jino limevunjika huku pembeni. Siku moja alikuwa na homa na akalala kwetu mchana kutwa, watu wakimngoja nje, na mama akawafukuza na ufagio. Alikuwa mtu. Nani anasema hakuwa mtu?"

Umesikia? Homa. Kisigino. Hao wanaomwimbia hawakumpa mafuta ya kisigino. Jambo hili kwenu lilianzia wapi?

Sasa nataka Filonide aniandikie mwenyewe, kama mwanaume kwa mwanaume. Ikiwa ni wa upande wangu, nitajua la kufanya juu ya Mama.

Hilkia


Antiokia
Mwezi wa Tamuzi (ona, nimeandika kwa kalenda yako)

Kwa Kaka Hilkia,

Nimeisoma habari ya jino nikalia. Sikuwahi kuisikia. Mama hakuwahi kutusimulia hilo tulipokuwa wadogo, au labda hakuna aliyemwuliza.

Filonide hawezi kukuandikia kwa sasa. Usikasirike. Mimi nitakujibu, kwa sababu swali lako ni la haki.

Hakuna mtu hapa anayesema hakuwa mtu. Nikiwasomea maneno ya Mama watafurahi. Lakini umeniuliza ilianzia wapi, na nimefikiri sana, kwa kuwa sikumbuki siku ambayo ilianza. Naona ilianzia kwenye neno moja tu.

Nyumbani tulimwita Bwana. Bwana ni neno dogo. Mfanyakazi humwita tajiri wake bwana, mke humwita mumewe bwana, wewe mwenyewe unamwita bwana yule mpumbavu anayekuuzia kuni. Tulikuja hapa na neno hilo mdomoni, na kwa Kiyunani likawa lile lile, bwana. Hakuna aliyebadilisha kitu.

Kisha siku ya kwanza ya juma msomaji anasimama na Maandiko ya Kiyunani. Kule ambako pana lile Jina tusilolitamka, wao wamesoma Bwana. Bwana ni mchungaji wangu. Kila atakayeliitia jina la Bwana ataokolewa. Na sisi tumekaa pale, tumetoka kumwita Yesu Bwana sasa hivi, kabla mate hayajakauka. Mtu anasikia. Mwaka wa kwanza anasema, hapa ni Mungu anayetajwa, siyo Yesu. Mwaka wa pili anaanza kusikia wote wawili. Halafu siku moja mjane anafungua mdomo na ubeti unatoka, na unakuta kila mtu alikwisha kuujua.

Sikuambii hayo ili ukubali. Umeniuliza, nami nimekuonyesha njia tuliyopita. Nami nasema Sikia Israeli asubuhi na jioni, Kaka. Sijaacha. Nasema Bwana ni mmoja, na ninapolisema najiona nimesimama mbele ya mmoja.

Mlete Mama. Nakuomba kuliko nilivyokuomba mwanzo.

Shelamzioni


Kefar Hanania
Mwezi wa Avu

Kwa Shelamzioni,

Nimemsomea mwalimu wa sinagogi letu sehemu ya barua yako, bila kutaja jina. Nilitaka kujua kama mimi ndiye mkaidi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Huyu ni ndugu yako?" Nikaikunja barua. Sabato iliyofuata hawakuniita kusoma, na iliyofuata tena hawakuniita.

Umeandika vizuri, una akili, ulikuwa nayo tangu utoto. Lakini neno kufanana na neno si kitu. Nikimwita mwanangu "baba" kwa kumbembeleza, sijawa mwanawe.

Na mumeo hataki kuniandikia. Nimengoja. Nimemwombea heri mtu ambaye haoni hata sababu ya kutia wino kwenye kalamu kwa ajili ya shemeji yake. Mwambie nimeielewa dharau yake. Mwambie namshukuru kwa viatu ambavyo hakuvituma.

Mama hatakuja. Usiombe tena.

Hilkia


Kefar Hanania
Mwezi wa Eluli

Kwa Shelamzioni binti Shifra, kutoka kwa mama yake. Anaandika Yakimu mwuza mafuta, kwa mdomo wake yeye Mama Shifra, chini ya kibanda cha ngamia.

Mwanangu, kaka yako yuko kwenye tanuri na akiwa kwenye tanuri hata nyumba ikiungua hajui. Kwa hiyo nasema haraka.

Alikuandikia nusu. Nilikuwepo, nilimwona anaweka kalamu chini. Akasema, "Inatosha, Mama." Nikamwambia, "Sijamaliza." Akasema, "Inatosha." Mtoto niliyemnyonyesha mimi!

Sasa sikiliza iliyobaki. Walipomtundika kule Yerusalemu, baba yangu alirudi nyumbani. Alikaa akitazama ukuta, nyavu zikaoza. Baadaye wakaanza kuja wale wenzake, wanasema wamemwona, yu hai, na baba naye akaenda, akarudi amebadilika, sijui aliona nini, hakuniambia na mimi nilikuwa mtoto. Wakawa wanakula pamoja kwetu. Jioni moja baba ameshika mkate, akasema kwa sauti, kama unavyomwita mtu aliyeko chumba cha pili: "Bwana wetu, njoo."

Nikamwuliza, "Baba, unasema na nani?"

Akasema, "Na yeye."

"Lakini alikufa."

"Ndiyo, alikufa," akasema, na akaumega mkate.

Basi tangu hapo na mimi nasema naye. Nikikanda unga nasema naye. Nilipokuzaa wewe, ulivyokaa vibaya tumboni, sikumwita mkunga, nilimwita yeye. Mungu namwomba kwa adabu, nimesimama, nimefunika kichwa. Yeye namwambia tu. Na majibu yanatoka mahali pamoja. Kaka yako anataka nimpe jina la jambo hilo, ni Mungu, si Mungu. Sina jina lake. Nina miaka mingi nalifanya, sikuwahi kulihitaji jina.

(Mimi Yakimu naongeza: Mama ananipiga na fimbo niandike haraka.)

Tena kuna jingine. Barua zako zinamtaja mumeo kama mtu anavyofunika chungu ambacho ndani kimeungua. "Hawezi kwa sasa." Mimi mwenyewe ni mjane, najua sauti hiyo. Hilkia haisikii, ana udongo masikioni.

Ninakuja. Barua hii inatangulia leo na msafiri wa punda, Yakimu anaondoka kesho na mimi nimo. Mke wa kaka yako ananisaidia kufungasha, msimlaumu.

Mama yako,
Shifra


Antiokia
Mwezi wa Tishri, baada ya Siku ya Upatanisho

Kwa Kaka Hilkia,

Mama amefika salama. Magoti yamevimba na amewagombeza ngamia wote kwa majina. Alishuka, akanitazama usoni, akanishika. Ndipo nikamwambia, na sasa nakuambia na wewe.

Filonide amekufa. Alikuwa amekwisha kufa ulipoandika barua ya Sivani. Sikukuambia kwa sababu ungesema nyumba yangu si mahali pa kumleta Mama, na mimi nilimtaka Mama kuliko nilivyotaka kuwa mkweli kwako.

Ilikuwa kwenye karamu ya chama cha washona viatu. Unajua wanavyofanya: mwenyekiti anamimina divai mbele ya sanamu ya Kaisari na kusema, kwa bwana wetu na mungu wetu, na kikombe kinazunguka. Miaka yote Filonide alikuwa anafika amechelewa, kikombe kikiwa kimepita. Walijua, na walikuwa wanamwachia. Mwaka huu kuna watu wapya kwenye chama na walimngoja.

Jirani yetu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Kikombe kikafika, Filonide akakipitisha kwa mwenzake bila kumimina. Mmoja akasema, "Kaisari si bwana wako?" Akasema, "Ninaye bwana." "Yule aliyetundikwa?" "Ndiye." "Huyo ni mtu au mungu? Tueleze tuelewe. Kama ni mtu, basi Kaisari ni mkubwa kuliko yeye, mimina tule. Chakula kinapoa."

Kaka, wewe na mimi tumeandikiana barua hizi zote. Yeye alipewa muda wa kushusha pumzi moja. Jirani anasema alikitazama kikombe mpaka watu wakadhani amekubali. Kisha akasema, "Mungu." Hakupaza sauti. Walicheka kwanza. Baadaye mtu akavunja mguu wa benchi.

Alirudi nyumbani kwa miguu yake, kichwa kimepasuka juu ya sikio. Nikamwosha. Akasema, "Shela, nimelisema."

"Umesema nini?"

"Lile ambalo sikuwa tayari kulisema."

"Na sasa uko tayari?"

"Sijui," akasema. "Lakini nikilirudisha, nitabaki na nini?"

Hakumaliza juma. Viatu vyako viko hapa. Kimoja hakijashonwa soli.

Sasa nikueleze juu ya Mama, maana najua unangoja. Nilimpeleka mkutanoni. Sikumlazimisha, alitangulia yeye. Wakaimba ubeti ule. Mama hajui Kiyunani, akanivuta nguo, "Wanasemaje?" Nikamtafsiria sikioni. Akasikiliza. Akasema, si kwa sauti ndogo, "Angekuwa amekaa hapa angegeuka nyuma kuona mnamwimbia nani." Nikaona haya. Kisha akasema, "Endelea kunitafsiria," na alipomaliza kusikia wote akasema, "Ni mrefu."

Ukafika wakati wa mkate. Mama akafanya kama alivyozoea kwake, hakumngoja mzee, akasema kwa lugha yetu: "Bwana wetu, njoo." Na wote wakaitikia. Kwa lugha yetu, Kaka, Wayunani wale, washona viatu na wafuma nguo, na yule mtumwa kutoka Kilikia, kila mtu, kwa matamshi mabaya ajabu. Walifundishwa maneno hayo na waliowatangulia na hawajui hata mahali neno moja linapoishia na jingine kuanza.

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Akaniuliza, "Nani amewapa hawa maneno ya baba yangu?" Hakula siku hiyo. Alishika kipande chake mkononi mpaka tukafika nyumbani.

Mdogo wako,
Shelamzioni


Kefar Hanania
Mwezi wa Kislevu

Kwa Shelamzioni,

Nimepasua nguo yangu kwa ajili ya Filonide na nimekaa chini kama anavyokaliwa ndugu. Majirani wawili walikuja kunipa pole. Wengine walipita.

Nilimwita mtu mwenye dharau naye yuko kaburini. Maneno hayo yameandikwa na siwezi kuyafuta kutoka huku. Kama barua hiyo bado unayo, ichome.

Nusu ya pili ya maneno ya Mama niliisikia, maana aliimaliza hata kalamu ikiwa chini. Sikuiandika kwa sababu sikujua niiweke wapi. Bado sijui. Nimekaa nayo tangu Sivani. Babu yetu alisema na mtu aliyekufa, kwa mkate mkononi, mbele ya watoto, na hakuna hata mmoja mezani aliyemwambia acha. Kama ni kosa, ni la zamani kuliko Antiokia yenu na kuliko Kiyunani chenu. Limezaliwa nyumbani kwetu. Na kama si kosa, basi mimi ndiye sielewi ninachokisema asubuhi na jioni, na nina umri wa kuwa na wajukuu.

Siwezi kusema neno alilolisema mumeo. Nimejaribu peke yangu kwenye tanuri, ambako hakuna wa kunisikia, na halikutoka. Usinitumie tena hoja, mdogo wangu. Umeniandikia vizuri sana na haikunisogeza. Yule aliyenisogeza kidogo ni Filonide, naye hakuandika kitu.

Sinagogi hapa wameniambia nisije tena. Kwao mimi ni mmoja wenu. Sikuwaeleza kwamba sivyo, ningeanzia wapi?

Nitafunga tanuri msimu wa vyungu ukiisha na nitapanda na Yakimu kabla ya Pasaka. Nataka kuliona kaburi, nimwone Mama, na mtoto wangu mkubwa atabaki na kazi. Mwambie Mama nimekubali safari yake, ingawa najua atacheka.

Siku ya mkutano wenu nitakuja na ninyi. Mtakapofika kwenye ule ubeti nitatoka nje, nitakaa mlangoni mpaka mmalize. Waambie watu wako isiwe vita, si kwamba nawadharau. Siwezi kuitikia, na sitaki kuwa ndani nimefunga mdomo kama askari wa lindo.

Mkimaliza kuimba, nifungulieni. Nitakula na ninyi.

Kaka yako,
Hilkia